Meza ya Fundi: Ganda Limekwama Wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zina ugonjwa mmoja. Bunduki ya marisau inayojijaza yenyewe inapiga mara moja, mara ya pili inagoma. Nimezitandaza mezani hapa karakana, Nakuru, kando ya mkebe wa Kimbo ninaotilia skrubu, nikaona mmeniandikia kila kitu isipokuwa kile ninachokihitaji. Mmenieleza rangi ya mbao, aliyewauzia, hata bei mliyopunguziwa. Halafu mnamalizia, "Fundi, inajamu." Kujamu ni neno la kumwambia jirani. Mimi niambie ganda la risasi iliyopigwa limekwama wapi.

Mmoja tu ndiye aliyelieleza vizuri, basi naanza naye.

Fundi, pole na kazi. Marehemu baba aliacha Remington 1100, nami nimefuata taratibu zote mpaka leseni ikatoka kwa jina langu. Jumapili tunapiga sahani za udongo zinazorushwa hewani na wenzangu. Risasi mbili za kwanza zinatoka vizuri, ya tatu ganda linasimama wima dirishani, nusu ndani nusu nje, bolti imelibana. Mzee aliitumia miaka mingi bila shida. Rafiki yangu anasema tuvipanue vile vitundu vya mtutu kwa drili. Nifanyeje? — Mkulima, Mau Narok

Mkulima, pole kwa kufiwa. Drili irudishe kwenye sanduku lake, na rafiki yako mpe chai aende nyumbani.

Ganda kusimama wima ni habari kamili. Linakwambia kwamba bolti, kile chuma kinachokimbia nyuma na mbele, ilikuwa na nguvu ya kulichomoa kwenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), lakini haikurudi nyuma hadi mwisho wa safari yake. Iligeuka njiani ikarudi mbele mapema, ikalikuta ganda bado mlangoni. Na bunduki inayotoa mbili ikagoma ya tatu iko ukingoni: inapata nguvu inayokaribia kutosha, kidogo tu imepungua.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Kwenye 1100, baruti ikiwaka, sehemu ndogo ya gesi inapenya vitundu vilivyo chini ya mtutu na kuisukuma pistoni iliyovaa kama pete bomba la risasi, lile la chini ya mtutu zinamopangwa risasi za akiba. Pistoni inasukuma mikono ya chuma, mikono inairudisha bolti. Basi kazi yako ni kumtafuta mwizi wa gesi, au kitu kinachoizuia bolti isikimbie.

Anza na boksi la risasi, kabla hujagusa bisibisi. Marehemu alikuwa akipiga risasi zenye gramu ngapi za marisau? Nina hakika hazikuwa 24. Siku hizi wapiga sahani wamezoea gramu 24 kwa sababu ndizo za mashindano na haziumizi bega. Wazee walinunua 32 au 36. Ukiwa na boksi la 24 mkononi, soma maandishi ya ubavuni mwa mtutu. Kama ni mtutu wa risasi za inchi 3, yaani milimita 76, na namba ya bunduki inaishia kwa herufi M, hiyo ni magnamu. Mtutu wa magnamu kwa kawaida una kitundu kimoja cha gesi, kwa kuwa uliundwa kula risasi nzito tu, ilhali wa inchi 2¾ (milimita 70) mara nyingi una viwili. Kama ndivyo, bunduki ya baba yako haiumwi. Ina njaa. Kanunue boksi moja la gramu 32 au 36 upige kumi, halafu uniandikie tena.

Ukikuta mtutu ni wa milimita 70, hapo tufungue. Hakikisha kwanza haina risasi, kwenye chemba na kwenye bomba, kwa jicho na kwa kidole, kisha boksi la risasi litoke chumba hicho kabisa. Tandaza gazeti. Fungua kofia ya mbele, toa mbao ya mkono wa mbele, toa mtutu. Kwenye bomba la risasi, mbele ya pistoni na pete yake, kuna oringi nyeusi ya mpira iliyolala kwenye mfereji wake. Iviringishe kwa kidole gumba polepole mzunguko mzima. Unatafuta ufa mdogo, mahali palipobapa, mahali palipong'atwa. Nimewahi kuletewa bunduki tatu wiki moja, na mbili kati yazo ugonjwa ulikuwa huo mpira peke yake. Ya tatu haikuwa na oringi kabisa: mwenyewe aliisafisha, akaitupa na matambara. Oringi ikipasuka, gesi inavuja mbele badala ya kusukuma. Nunua ya bunduki yenyewe, ununue na mbili za akiba. Ile ya bomba la maji inaingia, nakubali, lakini mpira wake mara nyingi huvimba ukikutana na mafuta, na siku hiyo hutakumbuka kwamba uliiweka.

Huku umefungua, tazama pistoni na pete yake zimekaaje, uzipige picha kwa simu kabla ya kuzivuta. Ukizirudisha kinyume, inaanza shida nyingine ambayo utasema ni mimi niliyeileta.

Kisha masizi. Vile vitundu vya mtutu vinaziba taratibu kama pua ya mtoto wakati wa baridi. Chukua waya laini ulio mwembamba kuliko kitundu, utoe masizi tu. Usikwangue chuma. Hapa ndipo rafiki yako alipokosea: aliona kitundu kidogo akadhani kimezaliwa kidogo. Ukikipanua, risasi za gramu 24 zitakimbia vizuri, utafurahi. Siku utakayotia gramu 36, bolti itarudi kama fahali na kugonga ukuta wa nyuma, tena na tena, mpaka kitu kipasuke. Chuma kikishatoka hakirudi. Na kwa sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, anayetengeneza silaha kwa biashara lazima awe amesajiliwa kama mwuzaji wa silaha. Kusafisha ni kazi yako. Kutoboa si yako wala si ya fundi wa kuchomelea mageti hapo senta.

Chemba nayo uipime mtutu ukiwa bado mkononi, umetengana na bunduki. Kachukue risasi moja tu kule ulikozitoa, uiingize kwa vidole, inamisha mtutu, kisha uinue. Irudi yenyewe kwa uzito wake. Ikishikilia, ndani kuna masizi, plastiki iliyoyeyuka au kutu. Burashi ya shaba na kiyeyusho cha masizi, dakika kumi za mkono.

Mwisho kabisa, springi iliyo ndani ya kitako. Wengi hawajui kama ipo. Bunduki ikiwa tupu na imefungwa tena, vuta bolti nyuma uiachie. Inatakiwa ijifunge kwa kishindo. Ikirudi kwa uvivu, kama lango la zizi lililolegea bawaba, maji yaliingia kitakoni zamani, na springi imeota kutu ndani ya mrija wake. Hiyo nileteeni. Nimeshatoa mle tope lenye mchwa, sisemi uongo.

Hujambo Fundi. Mimi nina Benelli ya marisau, nailinda nyumba na shamba. Mara mbili sasa nimeipeleka uwanjani kufanya mazoezi, nikabonyeza triga, ikasema "klik" tu. Nikivuta bolti nikirudisha, risasi ile ile inalia. Na tangu kaka anifungie tochi kubwa na mfuko wa risasi pembeni, mara nyingine haitoi ganda. Mpwa wangu akiijaribu pia ni hivyo hivyo. — Mama, Kitale

Sijambo, Mama. Nianze na klik, maana ndiyo ya hatari.

Siku nyingine ikisema klik, usiifungue papo hapo. Mdomo wa mtutu ubaki unaelekea kwenye shabaha, hesabu moja hadi sitini, ndipo ufungue. Mara chache baruti huchelewa kuwaka, na hutaki iwake ukiwa umeishika risasi mkononi.

Ukishaitoa, geuza risasi utazame katikati ya kitako chake, pale penye kiwashio. Kama kuna kishimo kirefu, pini ilipiga sawasawa na risasi ndiyo mbovu. Kama hakuna alama, au kuna kidoti kama cha kucha, bolti haikuwa imefunga. Nadhani lako ni hili la pili, kwa sababu risasi ile ile inalia ukiirudisha.

Kwenye bunduki hiyo kichwa cha bolti kinazunguka kidogo na kujifunga mwisho wa safari. Kinahitaji kasi. Mama, nakuuliza: unapoijaza, bolti unaiachia iruke, au unaishika na kuisindikiza polepole isipige kelele? Wanaolinda nyumba usiku wengi huisindikiza, wasije wakaamsha watoto au kumshtua mwizi. Hapo kichwa kinafika mahali lakini hakizunguki hadi mwisho. Kwa macho imefungwa, kumbe haijafungwa. Hata kugonga ule mkono wa bolti kwenye mlango wa gari kunaweza kuurudisha kidogo. Kwa hiyo: vuta hadi mwisho, achia iruke yenyewe. Kisha ubonyeze mkono wa bolti mbele kwa kiganja kuhakikisha.

Ganda kutotoka ni hadithi nyingine. Benelli hiyo haili gesi. Inategemea bunduki kurudi nyuma begani huku bolti, kwa uzito wake, ikibaki mahali pake kitambo. Springi iliyo ndani ya bolti inabanwa, kisha inairusha nyuma. Sasa kaka yako ameongeza tochi na mfuko wa risasi kumi hivi. Bunduki imekuwa nzito, hairudi kwa kasi ile, na ukipiga risasi za gramu 28 ndipo unaona uvivu. Vua huo mzigo, piga kumi, kisha kimoja kimoja uvirudishe uone ni kipi kinachokuonea. Au utumie risasi za gramu 32, bega likiruhusu.

Kuhusu mpwa, Mama, leseni ya silaha inamtaja mtu. Imekutaja wewe.

Fundi, bunduki yangu ya gesi inafanya kazi vizuri nikiwa Kisumu. Nikipanda Nakuru au Molo kwa mashindano, asubuhi inakuwa kama imelewa, mchana inapona. Ni mwinuko? Hewa nyepesi? Naipaka grisi kila wiki. — Mpiga sahani, Kisumu

Jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho, jirani.

Kisumu mko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni kama 1,850. Mwinuko huo haupunguzi nguvu ya risasi kiasi cha kuifanya bolti ilegee. Baruti haisubiri hewa ya nje, ina oksijeni yake ndani. Kinachobadilika ni baridi. Grisi ya magurudumu uliyoipaka Kisumu, penye joto na unyevu wa ziwa, inakuwa laini kama samli. Molo saa moja asubuhi inakuwa nta. Bolti inaogelea kwenye nta. Jua likipanda inayeyuka, nawe unasema imepona.

Na Nakuru kuna vumbi. Jina lenyewe la mji, wanasema, Wamaasai walilitoa kwa vumbi. Tumepewa hadhi ya jiji tangu Desemba 2021, vumbi halijaambiwa. Ukishuka upande wa Gilgil kuna machimbo ya Kariandusi, udongo mweupe wa diatomaiti, laini kama unga wa ngano. Unga huo huo hutiwa kwenye dawa za kusugulia vyuma. Ukiuchanganya na grisi umejitengenezea msasa wa majimaji, na umeutia ndani ya bunduki yako kwa mkono wako.

Ioshe yote. Tumia kiyeyusho, au mafuta ya taa kama huna, na burashi ya meno iliyostaafu. Kausha kabisa. Kisha mafuta mepesi ya bunduki: tone moja kila reli ya bolti, uyatandaze kwa kidole mpaka uone kung'aa tu, si kulowa. Pistoni na bomba la risasi kwenye bunduki za gesi ziache karibu kavu. Mafuta pale yanaungua na kuwa lami. Mafuta ya kupikia usithubutu. Kuna bwana mmoja aliniletea bunduki iliyonukia chapati. Ilibidi nicheke, halafu nikafanya kazi siku mbili.

Ukirudi Kisumu ubadilishe mtindo: pale adui ni kutu. Sehemu za nje na chemba zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kupiga, na bunduki isilale kwenye ala ya ngozi au ya sponji. Ala inashika unyevu.

Mzee Fundi, nina Browning Auto-5 ya Ubelgiji ya babu, mgongo wake ni wa mraba. Inapiga moja, halafu nalazimika kuvuta kwa mkono. Nikipiga risasi nzito inafanya vizuri. Nimeambiwa imezeeka niizike. — Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, aliyekuambia uizike mwambie akuuzie yake. Mbunifu wake, John Browning, aliisajili mwaka 1900, na viwanda viliendelea kuitoa hadi 1998. Ya babu yako itakuzika wewe.

Hapa gesi haihusiki wala uzito wa bolti. Mtutu wenyewe unarudi nyuma pamoja na bolti, kisha mtutu unarudi mbele na bolti inafuata. Kinachopunguza ukali wa kurudi huko ni breki: kipande cha shaba na pete ya chuma kwenye bomba la risasi, chini ya mbao ya mbele. Pete ndiyo siri. Kwa risasi nzito, pete inakaa kati ya springi kubwa na kile kipande cha shaba, upande wake uliochongwa mshazari ukitazama shaba. Breki inabana. Kwa risasi nyepesi, unaihamisha pete hadi nyuma ya springi, kwenye mwili wa bunduki, isifanye kazi. Yako imewekwa kwa risasi nzito, wewe unailisha nyepesi. Mtutu haufiki nyuma, bolti haichukui risasi mpya. Hamisha pete, futa bomba kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, ndiyo matengenezo yote.

Ila ukishahamisha, andika kwenye kipande cha plasta ubandike ndani ya ala: NYEPESI. Nitakuambia kwa nini. Nilipokuwa kijana fundini, mzee mmoja wa kule Molo alileta Auto-5 kama yako. Nikahamisha pete, nikaipiga kwa gramu 28, ikaimba. Nikamrudishia nikiwa na kifua mbele, bila kumwambia neno. Yeye nyumbani alikuwa na sanduku la risasi nzito. Baada ya wiki mbili alirudi, ameifunga bunduki kwa blanketi, na mbao ya mbele ameileta peke yake kwenye mfuko wa karatasi. Ilikuwa imepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakunigombeza. Alinyamaza akaketi kwenye kile kigoda, akangoja nitafute la kusema. Nilimtengenezea mbao nyingine kwa gharama yangu, na ile iliyopasuka nimeitundika msumarini juu ya jiliwa mpaka leo.

Majibu ya haraka

*Mlinzi mstaafu, Bungoma:* Risasi ya kwanza inapigwa, ya pili haitoki bombani. Umesema zimekaa humo tangu mwaka jana. Zitoe zote uzipange mezani, uzitazame kwa ubavu. Plastiki iliyokaa miezi mingi chini ya springi inabonyea, risasi inakuwa na tumbo, inakwama. Hizo usizitumie tena. Springi ya bomba nayo ivutwe nje, ikaguliwe kutu, na bomba lipapaswe kwa nje: kibonyeo kidogo tu cha kuangushwa kinatosha kukizuia kile kisukumio. Risasi ikitoka bombani lakini ikabaki chini ndani ya bunduki bila kunyanyuliwa, shida ni kile kijiko cha kunyanyulia au springi yake. Hicho si cha nyumbani.

*Kijana, Eldoret:* Bolti inateleza na kuliacha ganda ndani ya chemba. Tazama ile kucha ya bolti inayoshika ukingo wa ganda. Ichokonoe kwa kijiti cha meno. Ikiwa imejaa masizi chini yake, haiwezi kuuma. Ikiwa imesafika na bado inaacha, tazama ukingo wa maganda yenyewe: ukiona mng'ato, kucha inashika na chemba ndiyo inayokataa kuachia. Hakuna mng'ato? Kucha au springi yake imechoka.

*Aliyeuliza choki ipi (kile kibano cha mdomo wa mtutu) inafaa kwa kuwinda kanga:* Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inaukataza ule wa michezo. Kanga mwache ale mchwa. Sahani za udongo nazo zinaruka.

*Aliyeuliza kama anaweza kuivunjavunja bunduki, akaitia kwenye gunia la viazi na kunitumia kwa matatu ya Kisumu:* Hapana. Hapana kabisa. Utakuja nayo wewe mwenyewe na leseni yako mkononi, bunduki ikiwa tupu ndani ya ala, na risasi kwenye boksi tofauti. Karakana inafunguliwa saa mbili. Viazi unaweza kuvileta.